Sifuri ya Ingegerd

Kwenye sauna ya wanawake ya Kornsund, kile chumba cha mvuke kilicho kando ya bahari, kuna ubao wa msonobari wenye majina yaliyopakwa kwa rangi nyeupe. Jina haliingii humo kwa kuchaguliwa wala kwa umri. Sharti ni moja: uingie baharini hadi shingoni siku ambayo maji yana nyuzi sifuri, na mwenzako akuone. Maji ya nyuzi tatu hayampi mtu sifa yoyote Kornsund. Watu huingia humo kabla ya chakula cha mchana, Novemba hadi Aprili, kisha wakaenda kununua mkate. Sifuri huja mara chache. Huweza kupita majira ya baridi matano, sita, bila bahari kuionja.

Ingegerd Bratteby, mwenye miaka sabini na tisa, hakuwamo kwenye ubao. Mara ya mwisho bahari ilipofika sifuri alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mumewe hospitalini, na mumewe alipozikwa maji yalikuwa yamekwisha rudi nyuzi mbili. Jirani yake Majvor aliingia baharini majira hayo, na jina lake likapakwa. Majvor si mtu mbaya. Ila kwenye benchi lile refu la saunani, ambalo mtu anaweza kukaa popote, yeye hukaa chini ya jina lake.

"Mama yangu anataka kitu kimoja tu kabla hajafa," Ylva, binti wa Ingegerd, aliwahi kuwaambia wenzake kazini, "na kitu chenyewe ni baridi."

Ylva alikuwa mwalimu wa muziki hadi watoto wa Kornsund walipokuwa wachache kiasi cha kutojaza safu mbili za kwaya. Akiwa na miaka arobaini na sita, talaka moja na piano mbili, alikwenda Göteborg kusomea programu za kompyuta, darasa moja na vijana waliomwita kwa heshima ya kumwonea huruma. Akaajiriwa na ofisi ndogo iliyo juu ya duka la matairi katika mtaa wa Gårda. Ofisi hiyo huandika programu za kupima bahari: kina cha maji bandarini, upepo madarajani, joto la maji kwenye bafu za pwani, yaani sehemu za kuogea baharini.

Ofisi ina msimamo kuhusu lugha za kuandikia programu. Haitumii zile zinazotumiwa na wengi, bali ya aina inayopendwa na maprofesa wa mji huo, ambayo programu yake hujengwa kwa fanksheni kama za hesabu: kitu kinaingia, kitu kinatoka, na kila kitu sharti kiwe na aina yake. Namba ni namba, neno ni neno. Ukichanganya, kompaila, ile programu inayosoma ulichoandika kabla ya kukubali kukiendesha, inakukatalia. Ylva alikuwa amekataliwa na mume, na halmashauri, na kwaya moja ya kanisa. Hakuwahi kukataliwa mara nyingi kwa siku moja kiasi hicho.

Alipewa kazi ya kibao cha Kornsund kwa sababu ndiye aliyelijua bafu lenyewe. Kipimo kilichozamishwa kando ya gati kingetuma joto la maji, programu ingelipokea, na kibao cha taa juu ya mlango kingelionyesha. Hakuona ugumu wowote. Aliandika, akabonyeza, na kompaila ikajibu kwa wino mwekundu: ilitarajiwa namba, imepatikana labda-namba.

Alisoma mstari huo akiwa amekaa, kisha akausoma akiwa amesimama.

"Henning, hebu njoo," alimwita mwenzake wa meza ya pili, kijana mrefu mwenye ndevu alizozisuka. "Inasema imepata labda-namba. Labda vipi? Kipimo kinaleta namba, naiona hapa. Kumi na moja nukta nne."

"Leo kimeleta. Kesho betri ikifa?"

"Ikifa nitajua imekufa."

"Wewe utajua. Programu haijui. Ndiyo maana haikupi namba, inakupa sanduku la viatu. Huenda viatu vimo, huenda hamna kitu. Huwezi kuvaa sanduku, Ylva."

"Mimi sitaki sanduku. Nataka viatu."

"Basi fungua, ila kwanza useme utafanya nini ukikuta tupu."

"Nitarudi dukani."

"Duka hakuna. Kuna sanduku tu."

Henning alirudi mezani kwake, Ylva akabaki akijua machache kuliko kabla ya kumwita. Baadaye mkuu wa ofisi, Rutger, alipita na kikombe chake akaona wino mwekundu, akaketi kwenye ukingo wa meza. Rutger hupenda kufundisha. Akamtaka afikirie ule mkate mwembamba wanaouza nje ya uwanja wa mpira, uliokunjwa na soseji na viazi vya kuponda ndani.

"Huoni kama soseji imo," alisema. "Lakini huhitaji kuona. Unaweza kumwambia muuzaji: kama soseji imo, itie haradali. Hujaikunjua, na haradali imeingia."

"Na kama haimo?"

"Basi haradali haiingii. Mkate unabaki mkate."

"Sasa lile sanduku la viatu liko wapi?"

"Sanduku gani?"

Usiku ule Ylva alijaribu kulielewa jambo hilo kwa njia aliyoizoea. Katika muziki kuna kimya, na kimya kina alama yake kwenye mistari. Mwanafunzi hukihesabu sawasawa na sauti. Hakuna mwalimu anayemwambia mtoto aimbe noti ya chini kabisa mahali pa kimya. Wazo hilo lilimtuliza. Asubuhi alimuuliza Henning kama Hakuna, ile hali ya sanduku tupu, ina urefu kama kimya cha muziki. Henning alikaa akilifikiria swali, akasema ni swali zito, akaenda kuchukua kahawa. Hakurudi nalo.

Mwisho alipata njia mwenyewe. Katika kurasa za maelezo kulikuwa na fanksheni fupi inayopokea vitu viwili, sanduku na kibadala. Sanduku likiwa na kitu, inakupa hicho. Likiwa tupu, inakupa kibadala. Kibadala gani? Kule chuoni mifano yote ilikuwa ya kujumlisha bidhaa za dukani, na bidhaa isiyokuwapo ilihesabiwa sifuri. Ylva akaandika sifuri. Kompaila ikanyamaza.

Katika ofisi ile kuna usemi, nusu mzaha nusu imani: kompaila ikikubali, imekwisha. Ofisi nyingine huendesha programu zikaangalia inachofanya. Wao hutazama aina. Henning aliikagua kazi ya Ylva kama utaratibu unavyotaka. Akaona labda-namba inaingia, namba inatoka, na kibao kinapokea namba. Aina zote zilikaa sawa. Aliidhinisha, wakashuka wote kula supu ya njegere, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, siku yake ya desturi. Mwezi wa kumi kibao kiliwashwa Kornsund, na Ingegerd akakipiga picha akawatumia ndugu zake wote, kibao kikiwa na 9,8.

Januari iliyofuata ilikuja na upepo wa mashariki uliokaa palepale. Maji yalishuka chini ya nyuzi mbili, kisha chini ya moja. Ijumaa moja kibao kilisema 0,6. Jumamosi alfajiri kilisema 0,2, na simu zikaanza kulia Kornsund nzima. Kabla ya saa sita mchana kikasema 0,0.

Ingegerd alifika na joho la taulo, kofia ya sufu na viatu vya mpira. Ylva alikuwa amekuja kwa mapumziko ya mwisho wa wiki; alimshika mama yake mkono hadi kwenye ngazi ya gati. Mbali na Majvor, wanawake tisa waliingia mchana ule. Mapande ya barafu yalikuwa yanapita taratibu kutoka mdomo wa mto, na Majvor, aliyekwisha ingia na kutoka, alisimama juu kama shahidi.

"Shingoni, Ingegerd. Nakuona mabega."

"Ngoja basi. Mabega yangu yana miaka sabini na tisa."

"Umefika. Nimeona. Vipi?"

"Ni baridi."

"Ile ya kwangu ilikuwa inauma mpaka meno," Majvor alisema.

"Meno yako siku hizi hulala kwenye glasi, Majvor. Yataumaje?"

Wanawake walicheka majini, jambo ambalo katika maji ya namna ile huhitaji pumzi. Ndani ya sauna Ingegerd alivua kofia yake ya sufu. Aliketi akiwa mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, akaomba amiminiwe maji kwenye mawe ya moto yanayotoa mvuke, na mara mbili aligeuka kuutazama ubao. Jumatatu mtunzaji wa bafu, Birger, alipaka majina mapya. Kulikuwa na semla, yale maandazi ya krimu na lozi, na mtu alikuwa amemwekea Ingegerd la kwake kwenye sahani yenye ua.

Jumatano upepo uligeuka kusini, mvua ikanyesha, theluji ikayeyuka kwenye mapaa. Kibao cha Kornsund kiliendelea kusema 0,0. Alhamisi vilevile. Birger alipiga simu ofisini, Ylva akaipokea.

"Kibao chenu kimeipenda sifuri," Birger alisema. "Nimetia mkono majini leo. Ile si sifuri. Nimevuta na kipimo, waya umekatwa. Barafu, nadhani. Umekatika kama uzi."

"Waya umekatika?"

"Nimeushika hapa."

"Kwa hiyo hakileti chochote."

"Kitaleta nini, na waya ninao mimi?"

Ylva alikata simu. Kama kipimo hakileti kitu, sifuri inatoka wapi? Alifikiri kwanza kibao kimeganda. Akafikiri pengine kipimo chenyewe, kikikatwa waya, hutuma sifuri ya mwisho kama mtu anavyotoa pumzi. Akafungua programu yake, ambayo hakuwa ameigusa tangu vuli, akaisoma kutoka juu kwenda chini. Aliupita mstari ule. Akarudi. Sanduku likiwa tupu, toa sifuri. Aliusoma kama kitu kilichoandikwa na mtu mwingine, na ilimchukua muda kukubali kwamba haukuwa umeharibika. Ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa.

Baada ya hapo likaja swali la pili, na hilo ndilo lililomfanya amwite Henning kwa sauti iliyowageuza watu. Waya ulikatika lini?

Walifungua kumbukumbu pamoja. Ijumaa, 0,6. Jumamosi alfajiri, 0,2. Kabla ya saa sita, 0,0, na kuanzia hapo 0,0 hadi chini ya skrini.

"Ilikuwa inashuka," Ylva alisema. "Unaona? Sita, mbili, sifuri. Inaweza kuwa ya kweli."

"Inaweza."

"Au waya ulikatika ikiwa kwenye mbili, na hii sifuri ni yangu."

"Inaweza pia."

"Tuangalie ujumbe wenyewe, ule uliotoka kwenye kipimo kabla haujapita kwangu."

Henning alikuna ndevu. "Hatuuhifadhi. Tunahifadhi kinachotoka kwenye fanksheni yako."

"Kwa hiyo Jumamosi saa sita ilikuwa sifuri, au ilikuwa hakuna?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi, Henning?"

"Ndiyo, ni mojawapo." Aliona uso wake akaongeza, "Mimi ndiye niliyeidhinisha. Nilitazama aina."

Marekebisho yalikuwa mafupi. Sasa kipimo kisipoleta kitu, kibao kingeonyesha mstari mfupi wa mlalo. Kompaila ilikubali, kwa kimya kilekile ilichokubali nacho mara ya kwanza, na Ylva hakujua aelewe nini kutokana na kimya hicho. Rutger aliiandikia halmashauri kwamba kwa kipindi fulani vipimo havikuwa na uhakika. Barua ilikuwa ya kweli. Haikumtaja mwanamke yeyote aliyeingia majini.

Jumamosi Ylva alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi. Jina lilikuwa limekaa kwenye ubao kwa siku tano. Alimweleza kuhusu waya. Alianza na sanduku la viatu, akaliacha. Akajaribu mkate na soseji, akauacha nao.

"Kwa hiyo haikuwa sifuri," Ingegerd alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Kwa hiyo ilikuwa."

"Sijasema hivyo pia."

"Umekaa miaka miwili mjini kusomea kutojua?"

"Ninachojua ni kwamba haijulikani. Mimi, na Henning, na Birger, hakuna anayeweza kujua tena."

Ingegerd aliweka kisu. "Nieleze polepole. Kipimo kilisema nini?"

"Huenda kilisema sifuri. Huenda hakikusema kitu."

"Na kibao?"

"Kibao kilisema sifuri."

"Kiliisemaje kama hakikuambiwa?"

"Nilikiambia mimi. Nilikiambia, ukiwa huna cha kusema, sema sifuri."

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetafuta kwenye uso wa mwanawe mahali alipomkosea malezi. "Mimi nilikufundisha hivyo?" aliuliza.

Mama yake alichukua kisu, akamenya kiazi kingine, akakimenya zaidi ya ilivyohitajika.

"Ulitaka nikuambie sikuingia?" Ingegerd alisema baadaye. "Niliingia. Hadi shingoni."

"Hilo halina ubishi."

"Basi ni nini chenye ubishi?"

"Maji."

Jumapili Ingegerd aliwaambia wanawake saunani. Hakuwaomba ushauri, lakini sauna imejaa ushauri, na mlango wake ni mzito kufungua. Gull-Britt, msusi mstaafu ambaye naye jina lake lilikuwa jipya, hakutaka kusikia habari za waya.

"Kibao kilisema sifuri, tukaingia kwa sifuri. Tungefanya nini, tupige ramli?"

"Binti yangu anasema kibao hakikuwa na cha kusema."

"Binti yako alikuwa anafundisha filimbi mpaka juzi."

"Na ndiye aliyekiandika."

"Sikiliza, shoga. Ukilifuta lako, unalifuta na langu, na la Anna-Stina, na la kila aliyeingia siku ile. Tisa. Mimi nimekwisha waambia wajukuu."

"Silifuti."

"Basi liache."

"Siwezi kuliacha pia."

"Hufuti, huachi. Unataka nini, mama?"

Ingegerd alisema hajui, na kwa sauti aliyolisemea ilionekana kwamba neno hilo lilikuwa geni kwake mdomoni. Macho yakamgeukia Majvor, ambaye sifuri yake ilitoka enzi ya kipimajoto cha zebaki kilichofungwa kamba, na haikuwa na shaka. Kila mtu alitarajia angependa ubao usafishwe.

"Mimi nasema yabaki," Majvor alisema. "Maji yalikuwa baridi, nilikuwa humo. Nani anahesabu?"

"Wewe," Ingegerd alisema. "Miaka yote hii wewe ndiye unayehesabu. Leo umeacha kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuona uso ulipotoka."

Ingegerd hakujua alichukue hilo kama wema au kama tusi. Alikaa nalo mpaka jasho likamwingia machoni. Huenda ingekuwa rahisi zaidi kwake kama Majvor angemkatalia. Angejua pa kusimama.

Asubuhi yake alimfuata Birger kwenye banda la zana. Alimwambia jina lake asilifute, na ya wenzake asiyaguse kabisa, kila mmoja na lake. Ila la kwake alitaka liongezewe kitu mwishoni. Birger alisikiliza, akauliza kama ana hakika, akajibiwa kwamba hilo ndilo jambo lenyewe, kwamba hana. Akauliza kama alama iwe kubwa au ndogo.

"Ilingane na herufi," Ingegerd alisema. "Isijifiche."

Sasa kwenye ubao wa Kornsund, kati ya majina yote ya waliooga sifuri, liko moja lenye alama ya kuuliza. Bahari haijafika sifuri tena tangu hapo. Wageni wa kiangazi huuliza, Majvor huwaambia brashi ya Birger iliteleza, na Ingegerd humsahihisha, ingawa maelezo yake hubadilika kila mara na wageni hutoka wakiwa wamechanganyikiwa zaidi ya walivyoingia.

Ylva aliiona mwezi wa tatu, alipokuja kuoga kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jikoni. Kibao juu ya mlango kilikuwa na mstari wa mlalo. Kipimo kipya kilikuwa hakijafungwa, na watu walikuwa wanaingia majini bila kujua kiasi, wakinung'unika. Aliketi karibu na mama yake akaitazama alama ile mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mama, ile ni ya kunisuta?"

"Si yako," Ingegerd alisema. "Ni ya maji." Akamsukumia kata. "Mimina, mvuke umekwisha."